Deni la Karoti

Niliajiriwa kununua mboga. Kwenye barua ya ajira waliandika "afisa manunuzi, mazao mabichi", lakini kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu: milango ya duka inapofunguliwa asubuhi, rafu ziwe na karoti, hoho, letusi, kabichi na vitunguu. Supamaketi yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizochipuka Dar es Salaam miaka ya 2000, zenye kiyoyozi, vitoroli vya kusukuma na mlinzi wa kukagua risiti mlangoni. Sitaitaja jina. Baadaye nilikuja kukaa na wenzangu walionunulia maduka mengine, nikaona kwamba tungeweza kubadilishana viti na asingekuwepo wa kushtuka.

Tulikuwa na jambo moja la ajabu. Tufaha kutoka Afrika Kusini nililielewa. Lakini duka letu liliuza hata karoti zilizosafiri kwa kontena la baridi kutoka nje, ilhali Ilala sokoni, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, malori ya Fuso yalishusha karoti za Lushoto usiku kucha. Nilipouliza sababu, bosi wangu alinijibu kwamba karoti ya Ilala haina sura: leo ndefu, kesho fupi, keshokutwa haipo kabisa. Alilosema lilikuwa kweli, ila hakuwa amejiuliza kwa nini iko hivyo. Dola ilipopanda na karoti ya kontena ikawa haiuziki, nikaambiwa nipande mwenyewe hadi shambani, nizungumze na wakulima, tuachane na madalali.

Anayeijua njia ya Mombo hadi Lushoto ananielewa nikisema ni safari ya kufunga mkanda. Kwa zaidi ya kilomita 30 barabara inajikunja ubavuni mwa milima ya Usambara, mwamba upande huu, korongo upande ule, hadi unapita Soni na baridi inaanza kukuuma masikio. Mji wenyewe uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukisonga mbele kuelekea Lukozi unazidi kupanda. Mabondeni ni matuta ya mboga yaliyosongamana: kabichi, liki, selari, koliflawa, karoti. Miteremkoni utaona mapeasi na matunda damu, na kingo za majani ya guatemala zilizopandwa kuzuia udongo tangu ule mradi wa hifadhi wa SECAP wa miaka ya 1980. Mtu ana robo eka hapa na nusu eka nyingine ng'ambo ya mto, na anazijua zote kama viganja vyake.

Nilikutana na kikundi cha wakulima nje ya ofisi ya kijiji. Nilikuwa na faili lenye kila kitu: urefu wa karoti tunaoutaka, unene wake, rangi, ahadi ya mafunzo ya kilimo bora, na mfano wa mkataba. Nilieleza kwa kirefu. Walisikiliza kwa adabu, kama watu waliokwisha kusikiliza wageni wengi wenye mafaili. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, hela inakuja lini?"

Nikamwambia: siku sitini baada ya kupokea ankara.

"Basi wewe hukuja kununua," akasema. "Umekuja kukopa."

Watu wakacheka, mimi nikacheka nao, lakini nililala na maneno yale. Karoti inakaa ardhini takriban miezi mitatu tangu mbegu imwagwe. Ukiongeza siku sitini za duka, mkulima anangoja miezi mitano kati ya kununua mbegu na kushika fedha. Katikati hapo kuna mbolea, kuna dawa, kuna kibarua wa kupalilia, kuna ada ya shule mwezi Januari. Dalali, ambaye sisi mjini tulimzoea kama adui wa mkulima, alikuwa analipa siku ile ile au kesho yake.

Hapa niseme neno la kumtetea dalali, maana ni wachache wanaothubutu. Anapunja kwenye kipimo, sawa. Lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba cha ziada juu ya mdomo, Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku mwaka baada ya mwaka na bado inapita barabarani mchana kweupe. Lakini dalali anafika hadi shambani. Anachukua mzigo wote, mzuri kwa mbaya. Msimu ukiwa mgumu anatoa fedha ya mbegu na kuikata wakati wa mavuno. Anampigia mkulima simu kumwambia soko leo limejaa, usivune. Sisi supamaketi tulitaka kumwondoa mtu huyu huku tukikataa kufanya hata moja kati ya kazi zake nne. Tulitaka faida yake bila usumbufu wake.

Nilirudi Dar nikaenda moja kwa moja kwa watu wa uhasibu. Nilitaka kujua siku sitini zilitoka wapi, na jibu likawa rahisi: ndivyo tunavyowalipa watengenezaji wa biskuti na sabuni, mfumo ni mmoja kwa wote. Lakini sabuni inakaa rafuni wiki nyingi. Karoti inauzwa ndani ya siku mbili tatu, na mteja anailipa taslimu. Fedha ya karoti inaingia droo ya keshia Jumanne, na mwenye karoti anaiona baada ya miezi miwili. Muda wote huo iko wapi? Tuseme kikundi kinaleta mzigo wa shilingi milioni 1 kila wiki. Kabla senti ya kwanza haijalipwa, duka limekwisha kushika zaidi ya milioni 8 za wakulima, bila riba, bila dhamana, bila hata asante. Zidisha kwa vikundi vyote, kwa wafugaji wa kuku wa mayai, kwa akina mama wa mchicha wa bonde la Msimbazi, utajua matawi mapya yalikuwa yakifunguliwa kwa mtaji wa nani.

Mhasibu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba hundi lazima zisainiwe na watu wawili, kwamba kuandika hundi ndogo ndogo kila wiki ni gharama. Ni kweli pia kwamba hundi yenyewe ilikuwa mzigo kwa mkulima, kwa sababu ilimtaka ashuke mjini Lushoto, apange foleni benki, na angoje siku kadhaa ipite. Kisha mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, na baada ya muda mitandao mingine ikafuata, hoja ya hundi ikafa yenyewe. Baada ya mabishano marefu tulikubaliwa kujaribu: vikundi vya mboga vilipwe kila Ijumaa kwa mzigo wa wiki iliyotangulia.

Nataka nieleze kilichotokea bila kutia chumvi. Hakuna aliyetajirika. Hakuna aliyejenga ghorofa Lukozi. Kilichobadilika ni kwamba karoti zilizoletwa kwetu zilianza kuwa zile nzuri. Kabla ya hapo mkulima alikuwa akitupatia kilichobaki baada ya kumlipa dalali wake, na sisi tulikuwa tukilalamika kwamba wakulima wa Tanzania hawajui ubora. Wanaujua sana. Walikuwa wanaupeleka kwa anayelipa.

Tatizo la pili liliishi mlango wa nyuma, pale mzigo unapopokelewa. Msomaji ambaye hajawahi kusimama pale hajui supamaketi ni nini. Saa kumi na moja alfajiri lori limefika, dereva ana usingizi, kijana wa mapokezi ana mizani, rula na mamlaka ya Mungu mdogo. Anachukua kreti moja, anapekua, anapima karoti tatu nne, anasema hizi fupi. Mzigo wote unakataliwa. Mkulima yuko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, amelala, anaamini ameuza. Dereva hawezi kupandisha karoti tena Lushoto. Anaziendesha Ilala, anazimwaga kwa bei ya kutupa, na nauli inakatwa humo humo. Mwisho wa wiki mkulima anapigiwa simu kuambiwa anadaiwa.

Vipimo vile hata havikuwa vyetu. Viliandikwa kwa ajili ya karoti za nchi nyingine, mbegu nyingine na udongo mwingine, vikarithiwa tu na duka letu pamoja na rangi za ukutani. Mteja wa Dar anayekwenda kukwangua karoti za pilau au kachumbari hana habari na sentimita mbili. Nilimwomba mama mmoja aliyekuwa katibu wa kikundi aje Dar kwa basi, nikamsimamisha mlango wa nyuma alfajiri, kisha nikamtembeza dukani aone wateja wanavyochagua. Aliangalia kwa muda, akaniambia, "Kaka, hawa wanabonyeza. Hawapimi." Yaani wanatafuta karoti ngumu, iliyovunwa jana. Kuanzia hapo tuliandika vipimo upya pamoja na kikundi: ugumu, usafi, kutokuwa na mpasuko, na ukubwa wa aina mbili, ya kwanza na ya pili, kila moja na bei yake. Ya pili tuliimenya na kuikatakata jikoni kwetu, tukaiuza kwenye vifuko vya mboga za supu, ambavyo wafanyakazi wa ofisini walivigombea. Ukaguzi ukahamia kijijini. Mtu wetu na mtu wao wanachambua pamoja, wanapima pamoja, wanasaini. Kilichosainiwa kijijini kimeuzwa. Kikiharibika njiani, ni cha duka.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote kukubaliwa. Nilipoipeleka kwenye kikao niliulizwa kama bado nafanya kazi kwa ajili ya kampuni. Lakini tazama kilichofuata: mara tu hasara ya njiani ilipokuwa yetu, fedha za kreti za plastiki zilipatikana ndani ya mwezi huo. Miaka yote mkulima alipokuwa akibeba hasara, tulimwachia apakie nyanya kwenye matenga, za chini zikipondwa na za juu, na hatukuona haja ya kreti.

Kuna jambo wenye maduka hulilalamikia kuliko yote, nalo lina haki ya kujibiwa. Umemsaidia mkulima, umempa kreti, unamlipa kila wiki. Kisha masika inanyesha, mboga zinaadimika, bei ya Ilala inapaa maradufu, naye anakuacha na rafu tupu na kuuza kwa dalali. Ilitutokea. Bosi wangu alipiga meza akasema hawa watu si waaminifu. Nilipanda tena kuuliza. Mzee yule yule wa swali la hela alinisikiliza, akaniuliza bei yetu imepangwa lini. Nikasema Januari, kwa mwaka mzima. Akaniuliza, je, soko likianguka mwezi wa nane, duka lenu litanunua kwa bei ya Januari? Nilijua jibu, naye alijua kwamba nalijua. Mwaka uliotangulia, kabichi zilipofurika, tulikuwa tumepunguza oda bila taarifa na kujaza pengo kwa kabichi za bei rahisi za Ilala. Kwa hiyo kila upande ulikuwa umemkimbia mwenzake kwa zamu. Tofauti ni kwamba sisi tulipokimbia tuliita biashara, wao walipokimbia tuliita utovu wa uaminifu.

Tuliweka bei yenye sakafu na dari. Chini ya kiwango fulani duka halishuki hata soko likianguka, kwa sababu chini ya hapo mkulima hapati hata gharama ya mbegu na mbolea. Juu ya kiwango fulani mkulima hapandishi bei hata soko likiwaka. Katikati, bei inafuata Ilala, inaangaliwa kila Jumatatu, na katibu wa kikundi anatumiwa ujumbe wa simu. Oda nayo ikawa ya pande mbili: duka likipunguza bila taarifa ya wiki mbili, linalipa nusu. Je, waliacha kabisa kuuza pembeni? Hapana. Lakini walianza kutuambia mapema, "wiki hii tutapungukiwa", na kwa mnunuzi taarifa hiyo ni nusu ya mzigo.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho, kwa maoni yangu, duka lolote linaweza kumpa mkulima kesho asubuhi bila kutoa hata shilingi. Ni daftari la mauzo. Kila karoti inayopita kwa keshia inaandikwa kwenye kompyuta. Duka linajua liliuza kilo ngapi wiki za Ramadhani, kilo ngapi wiki ya Krismasi, kilo ngapi wiki ya katikati ya mwezi mishahara ilipokwisha. Mkulima hajui lolote kati ya hayo. Anapanda akimwangalia jirani. Msimu huu bei ya kabichi imekaa vizuri, basi bonde zima linasia kabichi, na miezi mitatu baadaye zinaoza mabondeni, ng'ombe wanazisusa. Wataalamu wanakuja kufundisha nafasi kati ya mche na mche, na ni elimu nzuri, lakini mkulima wa Lushoto hashindwi kuotesha kabichi. Anashindwa kujua ni ngapi zinahitajika na lini.

Nilichapa mauzo ya mwaka mmoja, wiki kwa wiki, kilo kwa kilo, nikayapeleka. Tulikaa sakafuni na kalenda kubwa ya ukutani, tukahesabu kinyumenyume: letusi ya wiki ya kwanza ya Desemba isisiwe baada ya mwanzo wa Oktoba, karoti ya Idi imwagwe lini, nani anapanda wiki hii, nani anangoja wiki ijayo. Wanachama waligawana wiki. Kulikuwa na ubishi mkali, hasa juu ya nani apewe wiki za sikukuu, na wakaamua zizunguke mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo ilifanywa na wao, si na mimi. Mimi nilileta karatasi tu, karatasi ambazo kampuni ilizificha kama siri ya jeshi ingawa hazikuwa na siri yoyote zaidi ya idadi ya karoti.

Zamu hizo za wiki zilitufaa hata kwenye ushuru. Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao ya chakula hadi asilimia 2, na ya biashara hadi asilimia 3, ikaondoa pia ushuru kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Vikundi vidogo vilivyopeleka mizigo midogo kila wiki vilipumua. Hata hivyo, kwa muda fulani kila geti lilikuwa na tafsiri yake, na nililazimika kumwekea dereva nakala ya agizo kwenye droo ya gari.

Idara ya masoko nayo ilitaka kushiriki katika habari hii njema. Wakaja na mpiga picha. Wakampiga mama katibu akiwa na kitenge kipya na kikapu cha karoti zilizooshwa mara tatu, wakaitundika picha hiyo juu ya rafu, kubwa kama mlango, na maneno ya kusifia mkulima wetu. Ilipendeza, sikatai. Mama alipoiona aliniuliza kama picha ile inauza karoti zaidi. Nikasema wanasema inauza. Akauliza sehemu yake iko wapi. Miezi michache baadaye idara hiyo hiyo ilitangaza wiki ya ofa, karoti nusu bei, ikapeleka makato ya ofa hiyo kwa kikundi: mkulima achangie nusu ya punguzo. Sura yake iko ukutani, na yeye ndiye anayemlipia mteja punguzo. Tulipambana, makato yakarudishwa. Lakini wasambazaji wadogo wangapi hawana mtu ndani ya duka wa kupambana kwa niaba yao?

Nasema hivi kwa sababu yaliyotokea baadaye katika biashara hii yako kwenye kumbukumbu za umma. Mwaka 2014 Shoprite waliondoka Tanzania na kuwauzia Nakumatt maduka yao matatu. Oktoba 2015 Uchumi, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda, na wasambazaji wakabaki na ankara mkononi. Nakumatt nao walielemewa na madeni ya mabilioni, maduka yakafungwa moja baada ya jingine, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura kampuni ivunjwe. Kila duka lilipoanguka palikuwa na orodha ya wadai. Juu yamo mabenki, yenye dhamana. Chini kabisa wamo waliokopesha bila kujua kwamba wanakopesha: wa maziwa, wa mayai, wa mboga. Kikundi chetu kiliumia kidogo tu pale duka jingine walilouzia lilipofunga, kwa kuwa mzee wa swali la hela alikuwa ameshawawekea sharti la kutompa mnunuzi mmoja zaidi ya theluthi ya mavuno. Hata sisi tuliowalipa kila Ijumaa hatukuwahi kupata zaidi ya theluthi. Nilikasirika nilipolijua sharti hilo. Siku hizi nalisifia kwa kila kikundi kinachoniuliza.

Wengine wamekwisha kuona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa huruma ya mnunuzi mmoja mwenye moyo. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Ushindani mwaka 2019, ikataja matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, pamoja na kuchelewesha malipo bila sababu. Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya huko iliitoza Majid Al Futtaim, waendeshaji wa Carrefour nchini Kenya, faini ya shilingi za Kenya takriban bilioni 1.1 kufuatia malalamiko ya wasambazaji wawili, mmoja wao muuza asali. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2019 agizo kwamba mazao yanayoharibika haraka yalipwe ndani ya siku 30, na kwamba mnunuzi hana ruhusa ya kufuta oda ya mazao hayo kwa taarifa iliyo chini ya siku 30. Huko ni kwenye mabenki na makontena ya baridi kila kona. Kwetu, ambako fedha inafika kwenye simu ya mkulima kabla lori halijatoka getini, siku 30 ni nyingi mno.

Niliacha kazi ile kitambo. Dar es Salaam ya leo ina supamaketi ndogo kila mtaa, Kimara hadi Mbezi Beach, nyingi za familia, baadhi hazizidi ukubwa wa darasa, na huko ndiko mboga zinakohamia kutoka kwenye genge. Wenye maduka hayo huniuliza waanzeje na wakulima, na wengi huanza na swali la mafunzo, au la kuchapa picha ya shamba kwenye mfuko. Nawajibu waanze na mambo mawili. Walipe mboga ndani ya siku saba, hata kama wa sabuni watangoja sitini. Na wampe mkulima mauzo yao ya mwaka uliopita, wiki kwa wiki. Asiyeweza hayo mawili anunue Ilala kama wengine, amlipe dalali papo hapo, atakuwa amemtendea mkulima haki zaidi kuliko kwa mkataba mzuri usiolipwa.

Nawe msomaji, siku ukisimama mbele ya rafu yenye picha ya mkulima anayetabasamu, mwite meneja umuulize mkulima huyo analipwa baada ya siku ngapi. Meneja anayejua jibu na haoni haya kulitaja anastahili fedha yako.